Madame wa Matone ya Baridi

Madame hakunywa kitu cha baridi. Soda aliinunua dukani ikiwa bado inatoa jasho, akaiweka juani kwenye kizingiti changu nusu saa nzima, ndipo akaifungua. Maji aliyanywa yakifuka mvuke, mchana wa jua kali, sisi wengine tukijipepea kwa vipande vya kitambaa. Mgeni angedhani ana homa isiyomtoka. Ukimuuliza sababu alivuta sweta yake vizuri mabegani, akajibu, “Baridi, mi nilishakula yangu yote. Iliyobaki ni yenu.”

Tulikuwa majirani wa ukuta mmoja, hapa Majengo, Gisenyi, Rwanda, mpakani na Goma. Mimi ni fundi cherehani, mjane, mzaliwa wa mtaa huu, na wateja husema ulimi wangu unakata kuliko mkasi. Yeye alikuwa mwalimu wa fizikia katika sekondari moja ya mjini. Wanafunzi walimwita Madame, basi mtaa mzima ukamwita Madame, hata wazee waliomzidi umri. Jina lake nililiona mara moja juu ya bahasha, na kwa kuwa hakuna aliyelitumia, nami sitalitumia hapa. Yeye aliniita Fundi. Miaka kumi na mitatu, Fundi na Madame, na tuligombana mara nyingi kuliko ndugu.

Alitembea haraka mno. Madereva wa moto, hizi pikipiki za abiria, waliacha kumpigia honi kumwita abiria kwa sababu alikuwa akiwapita kwenye kona. Alikuwa mrefu, mkono wa kushoto akiupeleka mbele kidogo kama anayepapasa njia gizani, na mfukoni hakukosa kioo cha kukuzia, kile cha mpini. Alikitumia kusoma bei sokoni, kukagua sambaza, dagaa wa ziwa letu, kama ni za leo, na siku moja kukagua mshono wangu. Siku hiyo ndiyo tulianza kujuana. Alihesabu mishono katika sentimita moja ya pindo, akaniambia, “Hapa iko saba, na hapa iko tano.” Nilimwambia achukue gauni lake aende kwa Mungu akashonewe. Alicheka, akaliacha, na kesho yake akaniletea jingine.

Sasa niwaeleze hiyo baridi yake, maana bila hiyo hamtamwelewa.

Kabla ya kuwa mwalimu wetu alifanya kazi miaka mingi Ulaya, katika maabara ambayo kazi yake ilikuwa kutengeneza punje za madini. Si punje za kuokota. Punje ndogo kiasi kwamba ukiweka elfu moja kwenye unywele mmoja bado nafasi inabaki. Nilipomuuliza wanazitengenezaje alikaa kwenye kigoda cha wateja, akaniuliza kwanza kama najua heliamu.

“Ile ya kujaza maputo ya harusi,” nikasema.

“Voilà. Ile ile. Sasa unaibana, unaipoesha sana, unaipuliza kwa katundu kadogo kuliko ka sindano yako, ndani ya chombo yenye haina hewa hata kidogo. Inatoka matone. Tone moja huwezi kuiona hata uvae miwani tatu. Na baridi yake, Fundi, barafu mbele yake ni uji ya moto.”

Matone hayo, alisema, huruka yakapita juu ya jiko dogo ambamo fedha, hii fedha ya hereni, imechemshwa mpaka imetoa mvuke. Kila tone likipita linadonoa chembe za ule mvuke moja moja, kama kuku anavyodonoa mtama. Na ndani ya tone kuna ajabu. Heliamu ikifika kwenye baridi ile inakuwa kimiminika kisichojua kukwama. Ukikikoroga leo, wiki ijayo utakikuta bado kinazunguka. Kwa hiyo chembe za fedha hutembea mle bila kuzuiwa na chochote, hata zikutane, zikikutana zishikane. Mwisho wa safari tone linagonga kibati. Heliamu inaruka hewani, inakwenda zake. Fedha inabaki.

“Na nyumba?” nikauliza.

“Nyumba gani?”

“Si hilo tone lilikuwa nyumba yake.”

“Nyumba inapotea. Inabaki mwenye nyumba.”

Nilimwambia kwamba sonara wa Goma angempa hereni mbili kamili kwa jasho dogo kuliko hilo. Alicheka mpaka kwikwi ikamshika. Nikamuuliza basi faida yake nini, na hapo hakucheka. “Bado sijue. We ukikata mutindo mupya, unajua nani atavaa?” Nilikubali hoja hiyo kwa moyo mgumu.

Kwa sababu alikuwa na shahada ya juu, kuna watu waliosikia anaitwa Docteur, basi miaka yake ya kwanza mtaani walimletea vikohozi, mapele na mimba zilizochelewa. Aliwasikiliza wote mpaka mwisho, kwa adabu, akiandika hata daftarini, halafu akawaambia waende kwenye kituo cha afya. Mzee mmoja alirudi kumshukuru kwa zawadi ya ndizi. Alisema tangu alipozungumza na Docteur mgongo umepoa. Madame alimweleza nusu saa kwamba hakumtibu. Mzee alitikisa kichwa kwa heshima, akaacha ndizi.

Shuleni aliogopwa, lakini si kwa fimbo. Aliogopwa kwa sababu hakumwambia mtu jibu. Aliwapa wanafunzi kamba, jiwe na saa, akawaambia wapime jiwe linavyobembea, waandike walichoona. Wajanja waliandika ile namba ya kitabuni. Wakapata sifuri, darasa karibu zima, na aliyeandika namba ya ajabu ajabu akapata alama zote. Baba mmoja, mtu wa ofisi, alikuja hadi mlangoni kwake na daftari mkononi. Mimi nilikuwa nje nikianika kitambaa, kwa hiyo nilisikia kila neno bila kutega sikio.

“Madame, mutoto wangu aliandika jibu yenye iko kwa kitabu.”

“Njo maana nilimupa sifuri. Sikumutuma kwa kitabu. Nilimutuma kwa saa.”

“Donc kitabu kinadanganya?”

“Kitabu hakikukuwa mu darasa siku ile. Mutoto wako njo alikuwa.”

Yule baba aligeuka kunitazama mimi kama hakimu. Nilijifanya natafuta kibanio.

Hivyo ndivyo alivyokuwa na vipimo. Nje ya vipimo alikuwa mtu mwingine kabisa, na hilo lilinichekesha miaka yote. Maharage aliyopanda uani kwake yalinyauka mbele ya macho yetu, yeye akasema yanapumzika. Paka wake mwizi, aliyemaliza sambaza za mtaa, alimwita mpole. Timu yake ya mpira ikifungwa ilikuwa “karibu kushinda”. Na mama yake je? Huyo ndiye aliyemrudisha Gisenyi. Aliomba ruhusa ya miezi miwili aje amuuguze, na mama akaugua miaka mitatu. Kila mgeni aliyefika aliambiwa mlangoni, “Leo iko muzuri. Leo amekula.” Mimi nilikuwa nikiingiza uji kila asubuhi na nilijua kilicholiwa. Aliona nafuu siku zote, mpaka asubuhi ya mwisho, na asubuhi hiyo pia aliniambia amelala vizuri. Niliumia sana kumwona vile. Baada ya matanga alikuja dukani kwangu, akakaa, akasema bila kuulizwa, “Fundi, mi niko mutu wa kuona kitu yenye nataka.”

Nilidhani anasema kuhusu mama. Alikuwa anasema pia kuhusu kitu kingine, na ilichukua muda kunieleza.

Huko Ulaya, miezi ya mwisho, alifanya jambo lake mwenyewe. Matone yale aliyafanya makubwa kuliko kawaida, akayapitisha kwenye mvuke wa fedha, akaweka fedha iliyobaki juu ya vibati viwili. Kibati kimoja alikitazama kwa hadubini kubwa ya elektroni, haraka haraka, mashine ikiwa na foleni, na picha ikatoka na ukungu. Katika ukungu huo aliona alichokuwa akikitafuta. Alikimbia kwa bosi wake. Bosi alitazama picha kwa muda, akamrudishia, akamwambia kwa upole kabisa kwamba ile ni mikwaruzo, neno ambalo mimi alinificha mpaka mwisho, na kwamba anaona kwa sababu anataka kuona. Juma lile lile simu ikapigwa kutoka Gisenyi kuhusu mama. Alisafiri na kibati cha pili kikiwa kwenye mkoba. Alipokuwa bado anasema mama yuko mzuri, nafasi yake kule ikachukuliwa na mwingine.

“Ulikuwa unatafuta nini kwenye picha?” nikamuuliza.

“Hiyo siwezi kukuambia.”

“Mimi? Nimwambie nani, cherehani?”

“Nikikuambia, macho yako itaona kitu yangu. Nitabaki bila mutu.”

Nilichukia. Nilimwambia macho hayana pazia, kila mtu anajua. Akanitazama kwa huruma. “Macho iko na pazia, Fundi. Pazia yake inaitwa kutaka.”

Ninyi nitawaambia, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuja kuambiwa, baadaye. Ndani ya tone kubwa la heliamu, ule mzunguko usiokwama hujikusanya katika kitu chembamba kama uzi, kinachopita katikati ya tone. Hakuna anayekiona. Lakini chembe za fedha huvutwa kwake, zikajipanga juu yake, na tone likiisha kutoweka kunabaki uzi wa fedha mahali ule mzunguko ulipokuwa. Uzi huo ukikaa miaka kwenye joto la kawaida hukatika, ukajikunja kuwa punje. Ila punje hubaki zimepangana pale uzi ulipolala. Kama hapakuwa na uzi, zitakuwa zimetawanyika kama mchele uliomwagika. Wengine duniani walikuja kuziona nyuzi hizo katika maabara zao, wakaandika, na Madame alisoma maandiko yao yote. Hayakumtuliza. Alisema, “Wao waliona. Swali yangu siyo ile. Swali yangu ni kama mi niliona, ao nilitaka.” Na jibu lilikuwa kwenye kile kibati cha pili tu.

Nimekiita kibati, lakini ni kisahani cha shaba chenye upana wa kichwa cha kiberiti, chembamba kama karatasi, kimetobolewa matundu mamia kama chekecheo, na juu ya matundu kuna utando usioonekana uliobeba ile fedha. Alikihifadhi kwenye kisanduku cha plastiki pamoja na punje za mchele mkavu, ili unyevu wa ziwa usikifikie. Hewa yetu nayo ina pumzi ya mlima wa volkano, hereni za fedha hapa huwa nyeusi kabla ya Idi nyingine, kwa hiyo alikifunga kisanduku kwa utepe mara tatu. Utepe huo aliuvua mara moja kwa mwaka tu, alipokipeleka darasani kuwaonyesha wanafunzi wake wa mwisho. Hata kukituma kikatazamwe hakukituma. Posta si ya kuaminiwa. Mwanafunzi fulani aliyekuwa akisoma nje ana mitihani. Mvua ni nyingi. Jua ni kali. Mwaka wa nane wa visingizio hivyo nilimwambia, “Madame, unaogopa.” Hakunisalimia siku sita. Nilizihesabu, maana nilimkosa.

Halafu nikaharibu mimi.

Aliniletea koti lake jeupe la darasani, mfuko umechanika. Nilikuwa na kazi kubwa mezani, shela ya bibi harusi wa Goma, na ilitakiwa iwe imejaa puleki za rangi ya shaba, mamia, kila moja kwa mkono. Nililigeuza koti, nikaukung'uta mfuko juu ya meza kama ninavyokung'uta mifuko yote, maana wateja huacha pipi na mabaki ya sigara. Kikaanguka kisanduku, kikafunguka. Utepe ulikuwa umelegea. Asubuhi hiyo alikuwa nacho shuleni. Niliona mchele. Niliona pia puleki moja chini ya mkasi, nikasema aa, hii imeniponyoka. Mchele niliwarushia kuku. Puleki niliishona.

Mtu akiniuliza leo kama sikuona matundu yake, nitamwambia niliyaona. Nilifurahi. Sindano ilipita bila shida.

Shela ilichukuliwa Alhamisi. Ijumaa Madame akaja, akalivaa koti, akatia mkono mfukoni, akautoa.

“Fundi. Kasanduku kangu iko wapi?”

Nilimpa. Alikifungua. Alitazama ndani, akatazama sakafuni, akapiga magoti kwenye vipande vya kitambaa. Sijawahi kuona mtu mrefu akiwa mdogo vile. Nilipoelewa anachotafuta, nilijikuta nimekaa juu ya pasi. Asante Mungu ilikuwa imepoa.

Jumamosi asubuhi tulivuka Grande Barrière, kituo cha mpaka cha kuingilia Goma, mimi na yeye, katikati ya akina mama wenye mabeseni ya nyanya. Siku hizo ilikuwa kuonyesha kitambulisho na kupita. Alitembea mbele yangu njia nzima. Afadhali angenitukana. Tulimkuta bibi harusi amekwisha kupambwa, shela kichwani, anasubiri magari. Mama yake alipotusikia tunaomba kukagua shela alisimama mlangoni kwa mikono miwili.

“Mutakata shela siku ya ndoa? Munataka mutoto wangu arudi nyumbani na mabalaa?”

“Mama, hatukati,” nikasema. “Ni kufumua tu. Moja.”

“Na huyu ni nani?”

“Ni Docteur.”

“Docteur wa nini?”

Madame alijibu mwenyewe, sauti ndogo. “Wa vitu vidogo, mama.”

Sijui ni nini katika jibu hilo kilichomlainisha. Labda ni macho ya Madame, yalikuwa mekundu. Alituachia njia. Basi Madame akatoa kioo chake cha mpini, akaanza kwenye ukingo wa kulia, puleki moja baada ya nyingine, pua yake karibu na shavu la binti wa watu. Mashangazi walizunguka. Mmoja aliuliza kama ni desturi ya Rwanda. Bibi harusi alinong'ona bila kugeuza kichwa, “Madame, mukiipata, ni dalili muzuri ama mbaya?”

“Sijue, mwanangu. Njo tabu.”

Alikipata juu ya sikio la kushoto. Nilikifumua mimi, kwa mkono ulioshona miaka thelathini. Mahali pake niliweka puleki ya kweli. Mama wa binti alitufungia mandazi, na magari yakapiga honi.

Tuliporudi tulikwenda moja kwa moja shuleni, kwenye ile hadubini ya kawaida ya wanafunzi. Haiwezi kuonyesha fedha yake, lakini inaonyesha kama utando umepasuka. Alitazama muda mrefu. Nilisimama nyuma yake nikiomba dua zote ninazozijua, pamoja na ile ya safari.

“Zaidi ya nusu imepasuka,” akasema hatimaye. “Sindano yako imepita hapa, na hapa kumekunjika. Kona moja iko nzima.”

“Kwa hiyo bado inaweza kutazamwa?”

Aliondoa jicho kwenye hadubini, akakaa. Nilitegemea kuona furaha, nikaona mtu aliyenyang'anywa kitu. Ilinichukua muda kuelewa. Kama ningekiharibu chote asingejua kamwe, na lawama zingekuwa zangu. Sasa kilikuwa kimebaki, na kilikuwa kinakwisha. “Nitakituma,” akasema. Na mwezi ule ule alikituma kweli, mkononi mwa yule mwanafunzi wake wa zamani, binti aliyekuwa akirudi nje kwenye chuo chenye hadubini kubwa. Alimwagiza apige picha ya ile kona, aitume kwa simu, asiandike neno lolote chini yake.

Mimi alinisamehe kwa njia yake. Alinunua tochi ndogo akanipa. “Ya kuangalia mifuko,” akasema.

Baada ya hapo alistaafu, akahamia Kanama kwa dada yake kulima viazi. Nyumba yake, upande wa pili wa ukuta, ikapangwa na kijana mwenye redio. Yule binti naye alisubiri zamu ya mashine, miezi ikapita, na mimi nikawa nakumbuka kuuliza halafu nasahau.

Mwaka huu, asubuhi moja ya siku ya soko, nilikuwa nakata suruali za shule niliposikia mtu amesimama mlangoni bila kubisha. Alikuwa yeye. Nywele zimekuwa nyeupe zote, viatu vina udongo wa Kanama. Alikuwa ameshuka kwa basi dogo la saa moja. Hakunisalimia, na Madame hakuwa mtu wa kusahau salamu hata alipokuwa amenuna. Alinyoosha simu.

“Imefika siku ya ine leo. Sijaifungua.”

“Umeshuka kutoka Kanama na picha ambayo hujaifungua?”

“We haujue natafuta nini. Kwa hii dunia yote, we tu njo nilikulindia macho. Fungua. Uniambie yenye unaona. Na Fundi, tafazali, usinifurahishe.”

Akageuka, akanipa mgongo, uso kwenye magauni yaliyotundikwa.

Nilivaa miwani yangu ya kutungia uzi. Sitaficha: kama ningejua anachotaka, ningempa. Mungu anisamehe, ningemwambia nakiona hata kama picha ingekuwa ya paka. Lakini sikujua. Alikuwa amehakikisha sijui. Nikabonyeza.

“Rangi ya majivu,” nikasema. “Na madoa. Meusi.”

“Mingi?”

“Mingi sana.”

Mabega yake yalishuka. “Nini tena.”

“Ngoja.” Niliikuza picha kwa vidole viwili kama wajukuu walivyonifundisha. “Haikutawanyika ovyo. Imejipanga. Doa, doa, doa, halafu inaendelea. Ni kama mutu alipita na mashine, halafu uzi ikafumuliwa, ikabaki alama ya mushono. Hapa iko mustari. Hapa iko ingine. Hii inapinda kidogo kwa mwisho.”

“Katikati ya mistari iko nini?”

“Hakuna kitu. Safi.”

Nje moto ilipita, mtu akamwita mtu. Akauliza, na sauti haikuwa ya mwalimu tena, “Haiwezi kuwa mikwaruzo?”

Hapo nilikasirika, kama ninavyokasirika mtu akigusa kazi yangu.

“Madame, mi niko fundi. Mukwaruzo ni mukwaruzo na mushono ni mushono. Mukwaruzo haina hatua. Hii iko na hatua.”

Alipapasa nyuma kwa ule mkono wa kushoto mpaka akakipata kigoda, akakaa, bado akinipa mgongo. Niliona bega moja likitikisika, kisha la pili. Nilitaka kwenda kumshika, nikajua si mkono wangu anaousubiri.

“Sema tena,” akasema.

Nikasema tena, polepole, doa kwa doa, nikianzia mstari wa juu.